Sura ya Saba: Maji Matamu

Ilarion Țurlea alikuwa amekiri, na hilo ndilo lililomkera Komisari Smaranda Țepordei. Katika kazi yake ya kupeleleza makosa ya uchafuzi alikuwa amezoea watu wa kukana. Mtu anakutwa na bomba mkononi, mafuta mpaka magotini, na bado anaapa kwamba alikuwa anapita tu akimtafuta mbwa wake. Lakini huyu mzee, fundi wa zamu kwenye mtambo wa maji taka, hata kukaa vizuri kitini alikuwa bado, alipotamka: "Nilimimina mimi. Klorini ya kufulia, dumu kwa dumu. Nimeyaua machujio, nimekiua kijito. Nifungeni."

Jumatatu alfajiri machujio ya kiwanda cha kusafisha mafuta cha Gura Lupii yalipasuka, na maji yenye mafuta yakaingia kijito cha Urloiu. Bata wakafa, samaki wakaelea, na visima vya kijiji cha Bordeiele vikaanza kunuka kama gereji. Wanakijiji walikuwa wanapelekewa maji na gari la zimamoto. Kwa mwendesha mashtaka Mătăsaru, ungamo la mzee lilikuwa tosha. Mchana huo Ilarion angepandishwa mbele ya hakimu kuombewa rumande, na akishaingia huko hakuna ambaye angejisumbua kuuliza swali la pili. Jalada lenye ungamo hufungwa upesi, na mzee wa miaka sitini na mitatu mwenye moyo mbovu hatoki gerezani kama alivyoingia.

"Sasa unachunguza nini?" Mătăsaru alikuwa amemuuliza kwa simu asubuhi. "Mtu amesema mwenyewe kwamba ameua."

"Nataka kujua kama alichokiua kilikuwa hai," alijibu Smaranda, akakata simu kabla hajaulizwa maana yake, kwa sababu hata yeye alikuwa hajaijua vizuri.

Ndiyo maana alisimama sasa kwenye daraja la chuma juu ya matangi, akiwa na msaidizi wake, Sajini Cucu, na Mhandisi Virgil Corlățeanu. Mhandisi ndiye aliyeyabuni machujio hayo chuo kikuu, kisha akakiuzia kiwanda kupitia kampuni yake mwenyewe. Alikuja na koti la sufu na viatu ambavyo havikununuliwa kwa ajili ya mahali pale. Alikuwa mtu wa kupenda kueleza, na Smaranda hakuwa na haja ya kumzuia.

"Nieleze kama unavyomweleza mama yako," alisema.

"Mama yangu ni profesa wa kemia."

"Basi nieleze kama unavyomweleza wangu. Alikuwa anauza kabichi."

Sajini Cucu alikohoa ili asicheke. Mhandisi akafungua mkoba wake, akatoa kipande cha kitu cheupe kama karatasi nene.

"Huu ni utando. Ni plastiki yenye vitundu visivyoonekana kwa macho. Tunaubana kwenye fremu, tunazamisha fremu tangini, pampu inayavuta maji yapite kwenye vitundu, mafuta yanabaki nje. Shida ni moja. Plastiki hii kwa asili yake haipatani na maji. Rafiki yake ni mafuta. Mafuta yanaigandamia, yanaziba vitundu, pampu inavuta kwa nguvu zaidi, mwisho utando unachanika."

"Kama ilivyotokea Jumatatu."

"Kama ilivyotokea Jumatatu. Kazi yangu mimi, Bi Komisari, ni kuubadilisha tabia. Naupaka tabaka jembamba sana, huwezi kuliona, basi utando unageuka: unayapenda maji, mafuta unayatema. Tazama."

Alidondosha tone la maji kwenye kile kipande. Tone halikukaa hata kidogo. Lilitandazika, likanywewa, pakabaki unyevu tu. Kisha alichukua kipande kilichokatwa asubuhi ile kwenye fremu ya tangini, kikaoshwa na kukaushwa, akakidondoshea vilevile. Tone likasimama mviringo kama shanga. Alipokiinamisha, likabingirika likaanguka.

"Umeona? Tabaka halipo tena. Klorini inalila. Nimeandika kwenye maelekezo kwa herufi nyekundu, zimebandikwa pale mlangoni. Lakini mzee kaifua kazi yangu kama shuka la kitanda."

"Na plastiki yenyewe? Klorini inaila?"

"Plastiki? Hapana. Unaweza kuilaza ndani ya klorini mwaka mzima, haina habari."

Smaranda alichukua kidondoshi akarudia jaribio kwa mkono wake, kwenye vipande kutoka fremu mbalimbali, za juu na za chini. Vyote vilitoa shanga. Cucu akavitia vipande kwenye mifuko, akavipa namba, akajaza chupa moja kwa maji ya tangini. Smaranda alikuwa tayari kuondoka alipoona ukingo wa tangi umeganda ukoko mweupe. Akaukwangua kwa ukucha.

"Na hii?"

"Chumvi tu," alisema mhandisi. "Mafuta ghafi huja na chumvi, yanaoshwa kabla ya kuchemshwa, na chumvi yote inaishia huku kwenye maji taka."

"Chujio lako linaishika?"

"La hasha! Chumvi imeyeyuka ndani ya maji, itashikwaje? Inapita mbele yangu kama mkubwa mwenye kitambulisho. Kuna mitambo ya kuishika, lakini mwenye kiwanda hakuinunua. Mimi nashika mafuta."

Smaranda aliitikia kwa kichwa, akamwomba wateremke ghalani.

Ghalani Cucu alipata machujio ya akiba, bado yako ndani ya masanduku ya kampuni, utepe haujakatwa. Smaranda aliukata utepe mbele ya mhandisi, akaitoa fremu, akaidondoshea tone. Lilisimama mviringo. Akadondosha jingine pembeni, na jingine upande wa pili. Shanga tupu.

"Na hili Mzee Ilarion alilifua akiwa ndani ya sanduku?" aliuliza.

Rangi ilimtoka mhandisi usoni, ikarudi upesi. "Hilo... hilo ni toleo bovu. La akiba, lilikuja baadaye. Kosa la karakana, nitalifuatilia. Lakini yale yaliyofungwa tangini ni mengine, nayo yalijaribiwa siku ya uzinduzi mbele ya umma. Meya alikuwepo, mwenye kiwanda alikuwepo, padri alikuwepo. Maji yalitoka maangavu, na watu wakayanywa. Kuna video, Bi Komisari. Tabaka lisingekuwepo, meya angekunywa mafuta."

Hapo alikuwa ameshika penye mpini. Video ilikuwemo kwenye jalada, na Smaranda aliirudia ndani ya gari. Uzinduzi ulifanyika tarehe sita Januari, siku ya Boboteaza, sikukuu ya ubatizo wa Yesu, kwa kuwa mwenye kiwanda alipenda picha, na siku hiyo padri hubariki maji popote yalipo. Theluji, kwaya, padri na msalaba wake na kishada cha mrehani, jagi la kioo linalojaa kutoka bomba la chujio, meya anakunywa, makofi, kisha akina mama wa Bordeiele wanasukumana na chupa zao. Maji kwenye jagi yalikuwa safi, hakuna ubishi.

Mătăsaru naye alisema vilevile kwenye simu. "Ya ghalani si ya tangini, Smaranda. Wakili yeyote atakuchana. Ya tangini yalifanya kazi, dunia nzima imeona. Kisha mzee akamimina, yakafa. Nakusubiri mahakamani, na usije na kidondoshi."

"Mwehu huyu," alisema Smaranda, na hakueleza kama anamsema mwendesha mashtaka au mhandisi. "Cucu, twende kwa mzee."

Nyumbani kwa mtuhumiwa hakuna askari aliyekuwa amefika. Kwa nini afike, na mtu amekiri? Paraschiva, mke wa Ilarion, aliwafungulia akiwa amefunga kitambaa kichwani na uso kama mlango wa benki siku ya sikukuu. Hata hivyo mgeni ni mgeni. Aliwawekea kahawa, akawawekea na visahani vya jamu ya jozi mbichi, kila kimoja na kijiko chake, na maji ya dukani kwa kuwa ya kisimani hayakunyweka.

"Mmemlisha?" aliuliza.

"Amekula, mama."

"Amekula nini?"

"Supu."

"Supu ya polisi! Basi hajala."

Smaranda alionja jamu, akaisifu, na kwa kweli ilistahili. Kisha akauliza juu ya klorini.

"Ni yangu mimi," alisema Paraschiva. "Si ninafua? Mashati yake yanarudi na mafuta, nayaloweka kwenye klorini, yanatakata. Alikuja siku moja amechoka, akaniambia, Paraschiva, yale machujio yamenishinda, naosha leo kesho yameziba. Nikamwambia, we mwanamume, mafuta ni mafuta, jaribu klorini. Kama ni kufunga, nifungeni na mimi."

"Hiyo ilikuwa lini?"

"Baada ya sikukuu ya mishumaa ya Februari, kabla ya kwaresima."

"Na kabla ya klorini yalikuwa hayazibi?"

"Yalikuwa yanaziba tangu mwezi ule ule yalipofungwa! Ndiyo maana akachukua klorini. Unadhani aliichukua kwa kuwa hana kazi ya kufanya?"

Cucu aliandika. Smaranda hakufurahi sana. Maneno ya mke kumtetea mume, mbele ya hakimu, ni upepo.

"Kwa hiyo, mama, machujio yalikuwa mabovu tangu mwanzo?"

"Nani kasema mabovu? Usinitie maneno mdomoni, mwanangu. Siku ya Boboteaza nilikuwepo na chupa yangu. Yalitoka maji matamu, niliyanywa mwenyewe. Mume wangu ndiye aliyeyaharibu baadaye, amesema, na mimi ndiye niliyempa." Hapo alijifuta macho kwa ncha ya kitambaa.

Smaranda alikuwa amekinyanyua kijiko. Akakirudisha kisahanini.

"Maji matamu?"

"Matamu."

"Matamu kama yametiwa sukari?"

"We mtoto umesomea wapi? Matamu kama maji ya kunywa! Kuna maji matamu na kuna maji ya chumvi."

"Hayakuwa na chumvi hata kidogo?"

"Nisiyajue maji ya chumvi, mimi ninayekwenda kuloweka magoti kwenye ziwa la chumvi la Slănic kila kiangazi? Ningeyatema mbele ya padri."

Cucu alimtazama bosi wake. Bosi wake alikuwa ameshasimama.

"Mama Paraschiva, ile chupa uliyokwenda nayo. Maji uliyamaliza?"

Mwanamke alimwangalia kama ameulizwa kama amemla paka. "Maji ya baraka yanamalizwa? Yako pale yanapokaa." Alinyoosha mkono nyuma ya picha ya Bikira Maria iliyokuwa pembeni, akatoa chupa iliyojaa nusu na zaidi, ndani yake jani la mrehani limekuwa jeusi. Maji ya Boboteaza hayaharibiki, kila mtu wa huko anajua hivyo. Huwekwa mwaka mzima kwa ajili ya homa, husuda na safari.

Smaranda alinyoosha mkono. Paraschiva akaivuta chupa kifuani.

"Umeshakula jamu. Umeshakunywa kahawa. Haya yanaonjwa kabla ya chakula, asubuhi, na sala. Hapana."

"Sitayaonja. Nitayapima."

"Kupima ni kuonja kwa chuma."

"Mama, yanaweza kumwokoa Mzee Ilarion na rumande."

Ubishi uliishia hapo, kwa sharti kwamba asiyamalize. Smaranda alimimina kidogo kwenye kikombe kisafi, Cucu akaleta kutoka garini kipima chumvi, kijiti chenye kioo cha namba kichwani. Walianza na maji ya tangini waliyoyachota asubuhi: namba zikapanda, zikapanda, zikakaa huko juu. Wakakisuuza kijiti. Wakapima maji ya bomba la mji, ambayo Cucu alikuwa nayo kwenye chupa yake ya kunywa. Namba zikakaa chini kabisa. Wakakisuuza tena, kisha wakakiingiza kwenye maji ya baraka.

Namba zilikaa chini kabisa, palepale pa maji ya bomba.

"Mafuta tunayashika, chumvi inapita," alisema Smaranda polepole. "Amesema mwenyewe, mbele yetu. Maji yaliyopita kwenye lile chujio lazima yawe na chumvi, liwe zima, liwe bovu. Haya hayajawahi kupita humo."

"Yalipita wapi?" aliuliza Paraschiva.

"Bomba la mji, mama. Mtu aliunga bomba la mji. Chujio halikujaribiwa kabisa siku ile."

Paraschiva aliitazama chupa, akamtazama Bikira, akaamua. "Padri aliyabariki," alisema. "Basi yamebarikiwa. Mungu haulizi yametoka bomba gani."

Chupa moja ya mke wa mtuhumiwa isingefika mbali. Lakini kijiji kizima kilikuwa na chupa. Smaranda alimtuma Cucu nyumba kwa nyumba, na kila nyumba aliyobisha ilikuwa nayo, nyuma ya Mtakatifu Nikola, juu ya kabati, chini ya kitanda cha mgonjwa. Katika kijiji kingine, nchi nyingine, watu wangeyanywa maji ya sherehe wakayasahau siku ile ile. Hapa hakuna aliyemwaga hata tone. Kila mama alimgombeza Cucu kwa kula kabla, kila mama alitia sahihi kwamba maji ni yake na tangu lini, na kila chupa ilitoa namba ileile ya chini. Cucu alirudi garini amebeba chupa kifuani na fundo la mkate mtamu wa jozi ambao hakuuomba.

Mhandisi Corlățeanu walimkuta kwenye lango la kiwanda, funguo za gari mkononi. Smaranda hakumzungusha.

"Maji ya uzinduzi yalikuwa ya bomba la mji. Tumeyapima. Machujio yako hayakuwahi kupakwa chochote, si ya ghalani wala ya tangini. Klorini haikula tabaka, maana hapakuwa na tabaka. Ulibadilisha maji mbele ya padri ili yapite."

Alitarajia akane. Hakutarajia mtu huyu aegemee gari lake, mdomo wazi kama aliyeambiwa amefiwa.

"Ya bomba?" alisema. "Yale maji yalikuwa ya bomba?"

"Usinichezee."

"Mimi nilidhani..."

"Ulidhani nini?"

"Mashine ya kupaka iliharibika Novemba," alisema, bila kumtazama Smaranda. "Siku ya uzinduzi ilikuwa imeshapangwa, wageni wamealikwa, mwenye kiwanda hasikii. Nikafunga matupu. Nilikuwa niyabadilishe majira ya kuchipua, kimyakimya. Siku ile nilisimama pale nikingoja kuaibika. Maji yakatoka maangavu. Maangavu! Nilidhani ni Mungu. Nikasema, kumbe hata tabaka si lazima. Nikaacha kuyabadilisha."

"La kuvunda halina ubani, mhandisi," alisema Smaranda. "Wala padri."

Maneno hayo yalimzindua. Mgongo ukanyooka, koti likawekwa sawa. "Sijasema chochote. Sina wakili hapa. Na sikubadilisha maji yoyote, kaitazame video yako, nilikuwa nimeshika mshumaa kando ya padri tangu mwanzo mpaka mwisho. Ninachojua mimi, mtambo wangu ulipita jaribio. Kama kuna aliyeunga bomba, mkamatane na yeye."

Aliondoka. Alikuwa na haki ya kuondoka, na hilo lilimuuma Smaranda kuliko alivyotaka Cucu aone. Ndani ya gari aliirudia video kwa mara nyingine, na safari hii hakumtazama padri wala meya. Alitazama ukutani, penye bomba. Mtu mmoja amewapa mgongo watu wote, kofia ameivua licha ya theluji, mkono wake uko kwenye koki. Kabla hajaifungua, anafanya ishara ya msalaba kifuani. Padri aliponyunyiza maji kuelekea upande wake, aligeuza uso mara moja tu, na uso ulikuwa wa Ilarion Țurlea.

Korido ya mahakama ilikuwa na benchi moja na feni isiyofanya kazi. Mătăsaru alisoma maelezo ya Cucu akiwa amesimama, akasoma tena, akaguna.

"Vizuri," alisema. "Klorini imeanguka. Huwezi kuua kisichokuwepo. Simwombei rumande, mzee wako aende nyumbani. Lakini mhandisi huna. Alichokuambia langoni atakikana. Machujio ya tangini atasema yalipakwa, yakaliwa. Jaribio lilipita, hana habari ya bomba. Na hizo chupa za akina bibi, wakili atasema wamejaziana nyumbani. Niletee mtu aliyeona kwa macho maji machafu yakitoka kwenye chujio siku ya kwanza, kabla ya klorini, ndipo nitamshika. Unaye?"

"Sijamuuliza," alisema Smaranda.

Mătăsaru aliyakunja maelezo. Hakuwa mtu mbaya, alikuwa mvivu tu. "Ukimuuliza akajibu, itabidi niandike. Na aliyeunga bomba amedanganya umma, Smaranda. Hiyo nayo ina kifungu chake."

"Najua."

Ilarion aliletwa bila pingu. Paraschiva alikuwa amekwisha fika na kikapu cha chakula na koti la mumewe, naye alimvalisha palepale kama mtoto wa shule. Smaranda alikaa kando ya mzee.

"Mzee Ilarion, klorini yako haikuua kitu. Yale machujio yalikuja matupu. Hayakuwa na cha kuharibiwa. Uko huru."

Mzee alichelewa kuelewa. Alipoelewa alilia wazi, bila kujificha, mabega yakitikisika, na Paraschiva akampiga piga mgongoni akisema, "Si nilikwambia? Si nilikwambia?" ijapokuwa hakuwa amemwambia.

Smaranda aliwaacha wamalize. Kisha akasema kwa sauti ya chini: "Kuna swali moja sijakuuliza. Silazimishwi kukuuliza leo. Mlango ule uko wazi, mkeo huyu hapa. Lakini ujue, bila jibu la swali hilo mhandisi atasema mtambo ulipita jaribio, na kesho atauza machujio kama yale kwenye mto mwingine. Na kwa jibu hilo unaweza kurudi kule ulikotoka. Ukitaka kwanza wakili, nitakuitia."

Ilarion aliinua kichwa. Alimtazama Mătăsaru aliyekuwa mwisho wa korido, akamtazama Smaranda.

"Umeona kwenye video," alisema.

"Nimeona."

"Asubuhi ile nilifungua koki kabla hawajafika. Yalitoka na rangi za upinde wa mvua juu yake. Mafuta. Na nje ya lango nasikia akina mama wanacheka na chupa zao, na padri ameshafika na watoto wa kwaya. Ningewaambia nini wakubwa? Wangesema ngoja, yatatulia. Yangebarikiwa, yangenywewa. Wajukuu wangepakwa kwenye vipaji vya nyuso. Sikuweza, Bi Komisari. Hakuna aliyenituma. Nikavuta bomba la mji kutoka nyuma ya ukuta." Alipumua. "Niseme kweli, nilidhani nimefanya jema."

Smaranda alimsogelea kwenye benchi.

"Ningeacha yatoke vile vile," aliuliza mzee, "watu wangeona?"

"Wangeona."

"Na mhandisi angeyabadilisha?"

"Siku ile ile. Aliniambia alikuwa akingoja kuaibika."

"Na kijito kingekuwa kizima."

Smaranda alitamani kuwa na jibu jingine. "Ndiyo, mzee. Kingekuwa kizima."

Paraschiva, ambaye masikio yake hayakuwa mazuri, alikuwa amesimama hatua kadhaa akifunga kikapu. Aliona tu kwamba mume wake ameinama tena. "Haya, Ilarion," aliita, "inuka twende. Wameshasema uko huru. Waache na mambo yao."

Mzee aliinuka. Smaranda akainuka naye, akampisha njia ya mlango, na kwa kitambo kidogo kabisa alitumaini kwamba ataipita. Ilarion alifungua vifungo vya koti alilovalishwa, akalivua, akalikunja, akampa mkewe.

"Tangulia nyumbani, Paraschiva. Mimi nitachelewa." Kisha akamgeukia Smaranda. "Mwite yule bwana aje aandike."

Mătăsaru alikuja na karatasi zake, na Ilarion akaketi tena. Paraschiva alimtazama mumewe, akamtazama Komisari, akalitazama koti mikononi mwake. Alikwenda akaketi kwenye benchi, ubavuni mwa mumewe, kikapu mapajani.

"Basi semeni kwa sauti," alisema, "na mimi nisikie."